Ukristo Afrika haukuanza na wamisionari wa Ulaya
Ndugu, unasema Ukristo uliletwa Afrika na wamisionari wa karne ya 19. Kwa Krapf, mmisionari Mjerumani, na Mombasa ya 1844 sawa, ila si Afrika nzima. Carthage, Tunisia ya leo, Wakristo 12 kutoka mji mdogo wa Scillium walihukumiwa kifo tarehe 17 Julai 180. Gavana wa Kirumi alimuuliza mmoja wao, Speratus, amebeba nini kwenye kasha lake. Akajibu: vitabu, na barua za Paulo. Barua hizo zilishasafiri mbali kiasi hicho!

Halafu kuna Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia. Frumentius, kijana wa Tiro, alichukuliwa mateka meli yake iliposhambuliwa Bahari ya Shamu, akaishia kutumikia kwa mfalme. Baadaye Athanasius, askofu mkuu wa Alexandria, Misri, akamweka wakfu kuwa askofu wa Aksum. Ukitaka ushahidi wa kushika mkononi, tazama sarafu za Ezana, mfalme wa Aksum: za mwanzo zina hilali na duara, alama za dini ya kabla ya Ukristo, za baadaye zina msalaba. Hiyo ni karne ya 4, Mreno hata hajawaza kuja huku.