Usinunue hiyo seti ya vitabu, dada, kwanza soma yaliyonikuta

Dada mleta uzi, kabla hujabonyeza kulipa, toa kidole kwenye simu. Umeuliza mambo manne: ununue au usinunue hiyo seti ya vitabu 12 vya picha vya historia ya Weusi iliyoshushwa bei, mtoto wa miaka minne ni mdogo mno au la, umsomee kwa Kiswahili au Kiingereza, na umwambie nini kuhusu mwenzake wa chekechea aliyemwambia nywele zake chafu. Najibu la kwanza. Hayo mengine nikifika nimefika, maana nilipoona umeandika "nataka nianze na utumwa ili ajue ukweli mapema" mikono ilinitetemeka, na mimi ni mbeba boksi, mikono yangu haitetemeki ovyo.

Maneno hayo niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, mwaka binti yangu alipotimiza miaka mitano. Tuko Ohio. Ilikuwa Februari, mwezi ambao Marekani yote inakumbuka historia ya Weusi, mashuleni picha ukutani, na wazazi wa Kibongo tumekaa kwenye grupu la WhatsApp tunaulizana na sisi tufanye nini. Humo mlikuwa na jamaa anajiita kocha wa malezi. Sauti zake ni za dakika saba saba, zinaanza na "wazazi wenzangu, amkeni". Akatuambia mtoto lazima apewe ukweli ukiwa mbichi, asipoupata nyumbani ataupata barabarani. Anayo seti nzuri, dola 140, anatuma kiungo. Nikalipa usiku ule ule. Baadaye sana nikajua kila aliyelipa kupitia kile kiungo, kocha alipata chake. Sisemi ni tapeli. Nasema tu hajawahi kurudi kwenye grupu kutuuliza watoto walipokeaje, ila mwaka uliofuata alirudi na seti nyingine.

Lakini mjinga mkuu wa hadithi hii siyo kocha.

Nilikuwa na rafu nzima ya vitabu vya watoto. Dubu, sungura, treni lenye macho, mabinti wafalme wenye nywele za manjano. Nyumba ya Wasukuma wawili, rafu nzima haina mtu mweusi hata mmoja, na sikuwahi kuliona hilo! Kwa hiyo ile seti ilipofika, watu weusi wa kwanza kabisa binti yangu kuwaona ndani ya kitabu, nyumbani kwake, miguuni pa baba yake, walikuwa wamefungwa minyororo.

Nilitoka shifti nimechoka, nikachukua kitabu kilichokuwa juu kwenye boksi. Sikuwa nimekifungua hata mara moja. Nikajiambia ni kitabu cha picha, maneno kumi kila ukurasa, kitanishinda nini? Kurasa za kwanza nzuri: kijiji, ngoma, watoto mtoni. Halafu wenye bunduki. Halafu meli, watu wamebanwa chini kama dagaa. Halafu mnada. Halafu shamba la pamba, wanawake wameinama, mzungu juu ya farasi ana mjeledi.

Hapo mtoto akanyanyua macho akatazama ukutani. Ukutani kwetu kuna picha ya mama yangu mzazi, Bibi yake, yuko shambani kwake kule Shinyanga, kainama, kajifunga kanga kichwani, mikono imejaa pamba.

"Baba, huyu ni Bibi?"

Dada, hilo swali ningelijibu palepale, uzi huu ningeupita kimya. Nilichofanya ni hiki: niliona machozi yanamlenga, nikaogopa, nikafunga kitabu. "Tutamalizia kesho, mama yangu." Nikakiweka juu ya friji. Kesho haikufika mpaka Aprili.

Nimeshafanya makosa mengi. Niliwahi kununua gari lisilo na breki kwa mtu wa kanisani kwetu. Hakuna lililonigharimu kama kufunga kile kitabu pale kilipokuwa. Nilipokuja kukishusha juu ya friji nilikuta nilibakiza kurasa 12. Ndimo walimokuwemo watu wanaotoroka usiku, mama anayejifunza kusoma kwa siri, vita, katiba kubadilishwa mwaka 1865 na utumwa kupigwa marufuku, na familia inajenga shule kwa mbao. Vyote vilikaa juu ya friji na betri mbovu na risiti. Mwanangu nilimwacha shambani, na yule mtu wa farasi yuko nyuma yake.

Jumapili tukapiga simu ya video nyumbani. Salamu, shikamoo, marahaba. Mtoto akavuta simu karibu: "Bibi, wewe nani alikununua?"

Mama yangu masikio yanasumbua kidogo. Akadhani anaulizwa mahari. Akakaa vizuri, akaweka kanga sawa, akajibu kwa fahari zote: "Babu yako alinitolea ng'ombe kumi na wawili, mjukuu wangu!"

Nilicheka. Mke wangu alicheka. Tulicheka mpaka simu ikaanguka. Mtoto hakucheka, na hilo nililikumbuka baadaye.

Wiki zilizofuata ile picha ya ukutani nikawa naikuta imegeuzwa, uso wa Bibi umetazama ukuta. Naigeuza. Kesho naikuta tena vilevile. Nikamuuliza mke wangu kama ndiye anafuta vumbi, akasema vumbi gani, na wewe lini uliniona nafuta ukuta. Nikasema basi ni mtetemo wa hita. Mtu mzima, nina cheti cha ufundi umeme, nikaamini hita inageuza picha.

Shule ndiyo iliyonizindua. Walituita. Binti yangu alikuwa amemkataza rafiki yake kuja kwetu kucheza kwa sababu "sisi ni watu wa kuuzwa", na Bibi yake alinunuliwa kwa ng'ombe 12. Nimekaa kwenye kile kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, mwalimu kijana wa Kizungu macho mekundu, ananiuliza kwa upole sana kuhusu ng'ombe. Dada, jaribu kumweleza mtu wa Ohio mahari kwa Kiingereza, katika hali ile. Kila sentensi niliyoongeza ilizidi kunizamisha. Kufika dakika ya ishirini nilikuwa kama nauza mama yangu kwa mara ya pili.

Aliyeniokoa ni mkutubi wa maktaba ya mtaani kwetu, mama Mmarekani Mweusi, umri wa kustaafu na hataki kustaafu. Nilikwenda kuomba vitabu "vya kurekebisha". Akaniuliza kitabu kilichoharibu ni kipi, nikamtajia. Nimekisoma? Nimekisoma. Mpaka mwisho? Nikatazama viatu. Akasema haya, hizo kurasa ulizosoma, watu wetu wanafanya nini humo?

Nikaanza kumjibu, kichwani inakuja kwa Kiswahili: walikamatwa, walifungwa, walisafirishwa, waliuzwa, walipigwa. Mwalimu wangu wa Kiswahili darasa la sita angenipa vema, kauli ya kutendwa yote imekamilika. Hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyefanya kitu. Walifanywa tu.

Ndiyo kanuni yangu, sina nyingine. Kabla kitabu hakijafika mikononi mwa mtoto, kaa nacho peke yako, hata chooni, mpaka jalada la nyuma. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika KUTENDA, mwingine KUTENDWA. Kila ukurasa wenye mtu wa rangi ya mwanao, weka alama. Kutendwa ikizidi, hicho siyo kitabu cha kwanza. Siyo cha pili wala cha kumi. Hukitupi, kinasubiri zamu yake mpaka mtoto awe na lundo la watu weusi wanaooka mkate, wanaopotea sokoni, wanaogombana na kaka zao.

Yule mkutubi aliniambia kwa nini rafu yangu ilikuwa vile. Mwaka 1985 kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilihesabu vitabu vya watoto vya mwaka ule Marekani: kama 2,500. Vilivyotungwa au kuchorwa na Weusi vilikuwa 18. Sasa vipo vingi, na maktaba ni bure. Bure, dada! Mimi na dola 140 zangu.

Nikaipima ile seti yote kwa mstari wangu. Cha Rosa Parks, yule mama Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, kilinichekesha kwa hasira. Wamemchora bibi kizee kachoka miguu, na kitabu kizima kimempa kitenzi kimoja: alikaa. Mwaka 1955 yule mama alikuwa na miaka 42, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pale Montgomery, mwanaharakati wa miaka mingi. Na baada ya yeye kukamatwa, wanawake wa mji ule wakachapa maelfu ya vipeperushi usiku mmoja, watu wakasusia mabasi siku 381, wakatembea na kupeana lifti. Hiyo ndiyo haki yenyewe, na kitabu kimeipa nusu ukurasa. Kama wale watu wangekuwa wamekaa tu wangekuwa wamekaa mpaka leo.

Kilichoshinda kwa mbali ni cha Ruby Bridges. Tarehe 14 Novemba 1960, New Orleans, ana miaka sita, mtoto mweusi peke yake anaingia shule ya Wazungu, walinzi wa serikali wako naye, nje umati unazomea. Mwenyewe amesimulia kwamba alidhani ni Mardi Gras, zile sherehe za mji wao za kujaa barabarani na kelele. Wazazi Wazungu wakawatoa watoto wao, akasoma mwaka mzima peke yake na mwalimu mmoja, Barbara Henry. Hesabu sasa: anavaa, anatembea, anapanda ngazi, anaingia, anasoma. Wabaya wamo, wanazomea, mtoto anawaona vizuri tu. Lakini miguu inayotembea ni ya Ruby. Binti yangu alikirudia mara nne jioni moja, na kila mara alitaka nizomee mimi.

Halafu ndipo nikashusha kile cha juu ya friji, tukasoma zile kurasa 12. Na nikamweleza picha ya ukutani: shamba lile ni la Bibi. Anapanda yeye, anapalilia yeye, anachuma yeye, anapeleka kwenye mizani ya chama cha msingi na kugombana na karani anayeiba kilo. Hela anafunga kwenye pindo la kanga, ndiyo iliyonilipia ada. Akaniuliza, "Mwenye farasi alikuwa wapi?" Nikamwambia hakuwepo. Hakuniamini siku ile. Picha ilikaa kifudifudi mpaka Juni.

Uliuliza Kiswahili au Kiingereza. Vitenzi kwanza, hayo ya lugha tutayarudia.

Mwaka huu binti yangu katengeneza kitabu chake mwenyewe, karatasi zilizokunjwa na kubanwa kwa stepla, kurasa nane, zote Bibi: Bibi analima, Bibi anamfokea karani, ukurasa wa mwisho Bibi na ng'ombe wake 12, wote wa zambarau. Tukampigia picha tukamtumia kwa simu ya binamu yangu. Jibu lilichukua siku mbili. Bibi amelalamika. Anasema ng'ombe walikuwa kumi na wanne, wawili walifia njiani kwa uzembe wa babu, na anataka wachorwe.