Kabla Hujalipia Chaneli ya Kikorea, Uliza Inachota Wapi

Wengi hununua kifurushi kwa sababu wameona neno "Korea" kwenye orodha, halafu wiki ya pili wanalalamika kwamba kipindi wanachokipenda hakipo. King'amuzi hakina kosa. Chaneli ya Kikorea inayouzwa nje ya nchi kwa kawaida ina kituo mama kule Korea, na sehemu kubwa ya inachoonyesha hutoka kwenye ghala la kituo hicho. KBS World, iliyoanza Julai 2003, huonyesha vipindi vya KBS, shirika la utangazaji la taifa la Korea Kusini. tvN Asia ni ya CJ ENM, kampuni yenye kituo cha tvN kule Korea. Chaneli ya ONE ilianzishwa mwaka 2010 na Sony kwa kushirikiana na SBS, kituo binafsi cha Korea, kwa ajili ya watazamaji wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Kwa hiyo anayefuatilia Running Man, kipindi cha burudani cha SBS tangu 2010, akilipia kifurushi chenye KBS World peke yake atakuwa amenunua kitu kingine kabisa. Tafuta kwanza ni kituo gani kilichorusha kipindi chako. Kwa kawaida nembo yake hukaa kona ya juu, upande wa kulia wa picha, hata kwenye vipande vya YouTube.

Ukishajua kituo, piga hesabu ya saa. Korea iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, mbele ya Oman kwa saa 5, na mbele ya Goma na Lubumbashi kwa saa 7. Hawabadilishi saa majira ya joto, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya mwaka mzima. Tamthilia ya saa nne usiku Seoul ni saa kumi jioni Dar es Salaam au Nairobi. Music Bank, kipindi cha muziki ambacho KBS hukirusha Ijumaa kwenye saa kumi na moja jioni, kwetu kinaangukia saa tano asubuhi, watu wakiwa kazini. Angalia sana vipindi vya baada ya saa sita usiku: kinachoandikwa Jumamosi saa sita na nusu usiku, yaani usiku wa kuamkia Jumamosi, kwetu ni Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndipo watu wanapotega kurekodi siku isiyo yake. Na kabla ya yote hayo, hakikisha ratiba unayosoma ni ya saa za nchi gani, maana chaneli za Asia nyingi huandika saa za Singapore au Jakarta.

Tamthilia ya jioni kwa kawaida ina episodi 16, mbili kwa wiki, siku zinazofuatana, hivyo hukamilika kwa wiki 8. Ukikuta tamthilia ya miaka ya 2017 hadi 2021 imeandikwa episodi 32 za dakika 35, usidhani ni ndefu maradufu. Vituo vya kitaifa vilikuwa haviruhusiwi kukatiza kipindi kwa matangazo, vikaanza kuigawa kila episodi nusu mbili ili vipate nafasi ya tangazo katikati. Ukitega kurekodi nusu ya kwanza tu, utakosa nusu ya hadithi. Chagua zote mbili.

Kurekodi ndiko kunakoharibu furaha ya wengi, na sababu huwa flashi. Picha ya HD inayokuja kwa megabiti 8 kwa sekunde hula takriban GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo episodi ya dakika 75 inafika GB 4.5. Flashi iliyofomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili linalozidi GB 4: king'amuzi kizuri kitaligawa faili mara mbili, kibovu kitakata dakika za mwisho, zile zile zenye siri ya wiki ijayo. Fomati kwa NTFS au exFAT, mifumo inayopokea mafaili makubwa, kama king'amuzi chako kinakubali, na chukua ya GB 128, kwani episodi 16 za namna hiyo hazienei kwenye GB 64. Ongeza dakika 10 baada ya muda ulioandikwa, maana episodi za mwisho hurefushwa.

Maandishi ya tafsiri yakikatwa chini, acha kumwita fundi dishi. Televisheni imekuza picha. Ingia kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha uchague Just Scan kwenye LG, au Fit to Screen kwenye Samsung. Ukuzaji wa aina ya Zoom uzime. Maandishi yasipotokea kabisa, bonyeza kitufe cha SUBTITLE kwenye rimoti kisha uchague lugha. Kisu au sigara ikionekana imefunikwa ukungu, hiyo si hitilafu ya mawimbi: vituo vya Korea huficha vitu hivyo vyenyewe.

Kama kusoma tafsiri ya Kiingereza inayopita haraka kunakuchosha, usianze na vipindi vya burudani. Skrini hujaa vichekesho vya maandishi ya Kikorea na tafsiri haiwezi kuvifikia vyote. Tamthilia za kifalme nazo hutumia lugha nzito ya ikulu. Anza na tamthilia ya familia ya wikendi ya KBS, ambayo mara nyingi huwa na episodi 50 au zaidi: mazungumzo ni ya nyumbani, na ukikosa episodi moja bado utaelewa nani kagombana na mama mkwe.

Wiki za Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Septemba au Oktoba, na za mwaka mpya wa Kikorea, tamthilia mara nyingi husimama kupisha vipindi maalumu. Wakati wa Olimpiki ni hivyo hivyo, na kwa kuwa haki za michezo haziuzwi pamoja na chaneli ya nje, wewe utawekewa marudio. Kama unalipia mwezi mmoja mmoja, mwezi huo unaweza kuuruka.