Macho ya thairoidi: geuza kopo usome nyuma

Dada yangu alipokuja kutoka Arua, aliniangalia akauliza, "Nani amekutisha?" Kope zangu za juu zilikuwa zimepanda, weupe wa jicho umetokeza, na kila nikipanda boda vumbi la Kampala lilinitoa machozi. Ugonjwa wa Graves, ule unaofanya tezi ya thairoidi ya shingoni itoe homoni kupita kiasi, nilikuwa nao tayari, nikimeza kabimazoli, dawa ya kuzipunguza.

Jirani akaniletea kopo la "madini ya thairoidi". Nililimeza wiki tatu. Moyo ukarudi kwenda mbio, mikono ikatetemeka. Daktari aligeuza kopo, akanionyesha: mwani, na madini joto mengi. Tezi ya mtu wa Graves inaweza kuyatumia hayo kutengeneza homoni zaidi. Chumvi yetu ya Uganda imeshatiwa madini joto, jamani. Ya kuongeza ni ya nini?

Yaliyofanyiwa utafiti mzuri kwa macho haya ni madini mengine, seleniamu. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya wagonjwa 159 wa Ulaya wenye macho ya hali nyepesi. Waliopewa seleniamu walimeza mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6. Maisha yao yakawa nafuu na ugonjwa ukapunguza mwendo kuliko kwa waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Lakini wengi walitoka sehemu zenye upungufu kidogo wa seleniamu. Wewe unayekula samaki na mayai kila wiki huenda usipate faida ileile. Na ni kwa hali nyepesi, ikiwa bado changa.

Kwa hiyo muulize daktari kwanza, na usizidishe dozi. Seleniamu ikizidi, nywele hukatika na kucha huvunjika. Kama unavuta sigara, acha leo. Hakuna kidonge kitakachoshindana na moshi huo.

Ukianza kuona vitu viwiliviwili, rangi zikififia, jicho likiuma au lisifunge, usisubiri kidonge chochote: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mimi nilimeza seleniamu, nikamaliza miezi 6 nikaacha. Kope zimeshuka kidogo, ingawa siwezi kuapa kwamba ni seleniamu, maana homoni nazo zilikuwa zimetulia. Ukavu bado upo. Nalala na mito miwili, navaa miwani ya jua nikipanda boda, na chupa ya matone ya macho haitoki mkobani.