Kabla ya Kuhamia Msituni, Fungua Daftari

Wengi wanaovutiwa na Henry David Thoreau, mwandishi Mmarekani wa karne ya 19, hukikumbuka kibanda chake kando ya bwawa la Walden, nje kidogo ya mji wa Concord, Massachusetts, wakadhani fundisho lake ni kuacha kazi na kukimbilia upweke. Wakijaribu hivyo huchoka mapema. Wameiga kibanda, daftari lake la hesabu wameliacha.

Thoreau alihamia pale tarehe 4 Julai 1845, kwenye ardhi ya rafiki yake, mwandishi na mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson, na alikuwa akiandika kila senti. Nyumba ya futi 10 kwa 15 ilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu: mbao dola 8 na ushei, nyingi zikiwa za kibanda alichokinunua na kukibomoa, matofali makuukuu 1,000 kwa dola 4, madirisha mawili yaliyokwisha kutumika, dola 2.43, misumari, dola 3.90. Hata chaki ya senti moja imo. Kwenye chokaa aliandika kwamba bei ilikuwa juu, na kwenye manyoya ya kuchanganyia lipu akakiri kwamba alinunua zaidi ya alivyohitaji. Hapo ndipo pa kuanzia: hesabu isiyoficha kosa.

Emerson na wenzake, walioitwa Watransendentali, waliamini kwamba mtu anaweza kuufikia ukweli moja kwa moja, kwa dhamiri yake na kwa kuutazama ulimwengu, asingoje kanisa, chuo au wingi wa watu umpe ruhusa. Ni imani nzito. Lakini dhamiri ya mtu aliyezama kwenye madeni haina nafasi ya kusema lolote, ndiyo maana Thoreau alianza na gharama. Kwake, bei ya kitu ni kiasi cha uhai unachokitoa ili ukipate.

Mfano wake ni wa reli. Nauli ya treni kwenda mji wa Fitchburg, maili 30, ilikuwa senti 90, na kibarua wa reli hiyohiyo alilipwa kama senti 60 kwa siku. Kwa hiyo mpanda treni hufanya kazi siku moja na nusu kabla ya kupata tiketi, na anayetembea kwa miguu anafika kabla ya usiku wa siku ya kwanza.

Fanya hesabu hiyo kwa mapato yako. Chukua mshahara unaoufikisha mkononi, tuseme shilingi 600,000. Ondoa kile ambacho kazi yenyewe inakula: nauli, chakula cha mchana, nguo za ofisini, tuseme 120,000. Zinabaki 480,000. Sasa hesabu saa zote, na zile za barabarani pia: saa 8 kazini na 3 kwenye foleni ni 11, mara siku 26, ni saa 286. Saa yako moja ni kama shilingi 1,680. Simu ya shilingi 500,000 basi ni karibu saa 298, mwezi mzima wa kazi na siku moja juu yake. Pengine inastahili. La muhimu ni kwamba sasa unajua unachotoa. Kosa la kawaida ni kugawa mshahara wote kwa saa za ofisini peke yake. Saa inaonekana ghali kuliko ilivyo, na kila kitu kinaonekana rahisi.

Andika matumizi kwa miezi miwili bila kujizuia chochote. Ukianza kubana siku ya kwanza utaandika maisha ya mtu mwingine. Mwezi wa tatu, ondoa jambo moja tu, kubwa kuliko yote kati ya yale usiyoyajutia yakikosekana. Thoreau aligundua kwamba wiki kama sita za kazi ya mikono kwa mwaka zinamtosha. Wewe huenda hutafika huko, hasa kama una ada za shule za kulipa. Yeye hakuwa na mke wala watoto, na kusahau hilo ni kumsoma vibaya.

Jambo la dhamiri ni gumu zaidi, na hapa watu huharibu kwa kukataa kila kitu kwa mpigo. Tazama alivyochagua yeye. Kodi ya barabara aliilipa, kwa sababu alitaka kuwa jirani mwema. Kodi ya kichwa aliikataa miaka kadhaa, kwa kuwa hakutaka kuitii serikali iliyolinda utumwa, kisha ikaingia vitani na Meksiko. Julai 1846 alikamatwa akalala jela usiku mmoja; mtu fulani akamlipia, akatolewa. Hakujificha wala hakudanganya kwamba hana fedha. Mwaka 1848 alieleza sababu zake mbele ya watu wa mji wake, na 1849 maelezo yakachapishwa. Mohandas Gandhi aliyasoma akiwa Afrika Kusini.

Kwa hiyo chora safu mbili. Upande mmoja andika maovu unayoyachukia. Upande wa pili, yale ambayo mkono wako mwenyewe unayatenda: saini unayoweka, mzigo unaoupitisha, ripoti unayoirekebisha ukiambiwa. Safu ya kwanza itakuwa ndefu na ya pili fupi. Kukataa kwako kuanzie kwenye ya pili, kwa jambo moja, kwa maneno ya wazi kwa anayehusika, na kabla ya kusema uwe umeshajua adhabu yake na nani ataibeba.

Swali hilo la nani ataibeba lisirukwe. Juni 1843 Bronson Alcott, rafiki wa Emerson, alihamia na wenzake kwenye shamba waliloliita Fruitlands. Walikataa nyama na maziwa, wakakataa sufu kwa kuwa ni ya mnyama na pamba kwa kuwa ni ya jasho la watumwa, na walitaka kulima bila wanyama. Kanuni zilikuwa safi. Ila walichelewa kupanda, wanaume walipenda mazungumzo na safari kuliko jembe, na mzigo wa nyumba ukamwangukia Abigail, mke wa Alcott, mwenye binti wanne. Januari 1844 palikuwa pamekwisha. Ukiona msimamo wako unakupa wewe sifa na kumpa mwenzako kazi, rudi mezani mzungumze upya.

Mwisho, jipangie tarehe ya kupima. Thoreau alisema wiki moja haikupita kabla miguu yake haijachora njia kutoka mlangoni hadi bwawani. Hata maisha uliyoyachagua mwenyewe hugeuka mkumbo, na aliyeanza kwa kukataa mazoea ya wengine akajikuta mtumwa wa mazoea yake. Thoreau mwenyewe aliondoka Walden tarehe 6 Septemba 1847, akisema ana maisha mengine ya kuishi. Weka miezi mitatu au sita, iandike tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na siku hiyo ikifika pitia kila kilichomo, kuanzia kile unachokionea fahari zaidi.