Kwa mnaoanza zamu kwenye mitambo ya maji: msisubiri maabara

Wengi mnaingia kazini mkiamini kwamba majibu ya maabara ndiyo yanayomlinda mnywaji. Kipimo cha E. coli, bakteria anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini, huchukua karibu siku nzima kabla bakteria hawajaota vya kutosha kuonekana; majibu yakitoka, maji yale yameshanywewa. Kinachomlinda mtu ni klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, iliyobaki ndani ya bomba, na hiyo unaisoma kwa dakika chache tu.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa chini ya 8, na isipungue 0.2 pale maji yanapomfikia mtumiaji. Kwa hiyo usipime getini kwa mtambo ukaridhika. Nenda kwenye bomba la mwisho kabisa, lile ambalo hakuna anayependa kulifuata.

Sasa, siku moja utakuta kipimo kimeshuka ghafla. Vijana wengi hukimbilia kuongeza dozi. Ongeza, ndiyo, lakini ujiulize: nini kinaila klorini? Huenda mvua imeleta tope na chujio limezidiwa. Huenda bomba limepasuka, au presha ilikatika na maji machafu ya ardhini yakavutwa ndani kupitia nyufa. Kushuka kwa klorini ni taarifa. Ukiifunika kwa dozi kubwa bila kutafuta chanzo, umeinyamazisha.

Mwaka 2000 huko Walkerton, Kanada, mvua kubwa ilisomba bakteria wa samadi hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walifariki, zaidi ya 2,000 wakaugua. Uchunguzi ulibaini kwamba wahudumu walikuwa na mazoea ya kuandika daftarini vipimo vya klorini ambavyo hawakuvipima. Kama hukupima, acha nafasi wazi. Bosi atafoka, basi.

Klorini nayo ina mipaka. Cryptosporidium, kimelea kidogo kinacholeta kuhara, huistahimili kwa dozi za kawaida. Mwaka 1993 kimelea hicho kiliugusa mji wa Milwaukee, Marekani, na inakadiriwa watu kama 400,000 waliugua ingawa maji yalikuwa yametiwa klorini. Huyo huzuiwa na chujio linalofanya kazi sawasawa, au mwanga wa urujuanimno. Ndiyo maana mimi huangalia kipimo cha tope kwanza kila ninapopokea zamu: maji yanayotoka kwenye chujio yakivuka NTU 1 (NTU ni kizio cha kupimia tope), sisubiri kikao.

Na mkichukua sampuli za maabara, msisuuze ile chupa. Ule unga kidogo ulio ndani ni thiosalfeti ya sodiamu, ya kuzima klorini ili isiendelee kuua bakteria njiani. Mkiusuuza, mtapata majibu mazuri ambayo hayana maana yoyote.