Usimtwike Rasputin mzigo wote

Unauliza kama Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya kifalme, ndiye aliyeuangusha utawala wa Tsar (mfalme) Nicholas II wa Urusi. Hapana, ndugu. Aliichafulia jina familia hiyo tu, na aliuawa Desemba 1916. Katika insha yako anza na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: mwaka 1915 Nicholas alijitwika ukamanda mkuu, kila kushindwa kukawa kwake. Kisha kaa kwenye mkate. Reli zilielemewa, chakula kikapungua Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, na tarehe 8 Machi 1917 (kalenda ya leo) wanawake wa viwanda vya nguo wakagoma. Ila uzito upo tarehe 12: askari wa kikosi cha Volynsky, waliowapiga risasi waandamanaji jana yake, walikataa kurudia, wakaasi. Majenerali wenyewe wakamshauri aachie kiti. Akatia saini ya kujiuzulu huko mjini Pskov, 15 Machi.