Kijiko cha jikoni si kipimo cha dawa

Umeuliza kama kijiko cha chai kinatosha kupimia parasetamoli ya maji ya mtoto. Hapana. Vijiko vya jikoni havilingani: kimoja hubeba mililita 3, kingine 6 au 7. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, au kikombe kilichokuja na chupa.

Kabla ya hapo soma lebo, maana hapa ndipo wengi huteleza. Kuna chupa yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, na nyingine miligramu 250 kwa mililita 5 zilezile. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180 kwa dozi (10 hadi 15 kwa kilo). Kwa chupa ya kwanza ni mililita 5 hadi 7.5, ya pili, mililita 5 tayari zimezidi.

Tikisa chupa kwanza, dawa hutuama chini. Pisha muda wa saa 4 hadi 6 kati ya dozi na dozi, na zisizidi dozi 4 kwa siku nzima. Mwambie mfamasia uzito wa mtoto na dawa nyingine anazotumia. Za mafua nyingi zina parasetamoli ndani, na ikizidi huumiza ini. Mwombe akuwekee alama kwenye bomba. Mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na homa, mpeleke kwa daktari kwanza.